Ufuta wa Kona ya Namkonda

Sikiliza, mwanangu, wewe uliyeingia juzi katika kikundi cha mazingira cha kijiji chenu, au wewe uliyepangiwa ofisi ya maliasili ya halmashauri na bado hujajua ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Kuna neno nataka kulitoa mwanzoni lisije likanikaba: ninakuonea wivu. Unakaa kivulini, unafungua simu, unauona moto wa porini ulipo na unakoelekea. Mimi moto niliujua kwa pua na kuufuata kwa baiskeli, na mara nyingi nilifika nikakuta majivu tu. Wewe una simu, una pikipiki, una magoti. Hayo magoti hasa ndiyo yanayoniuma.

Usinionee huruma, nimezoea. Nimefanya kazi ya misitu kwanza katika wilaya ya Nachingwea ile kubwa, kisha katika Nachingwea iliyobaki baada ya Ruangwa kutolewa, na katika miaka yote hiyo wivu ndio ulionipandisha vilima. Nitakueleza polepole, kwa sababu habari za moto ukizielezwa haraka unaondoka na nusu, na nusu ya elimu ya moto ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Nianze na kosa la wakati wetu. Halmashauri ilikuwa inapenda sana kupanda miti. Akija mgeni, anapewa mche, anaushika kama mtoto mchanga, anapigwa picha. Mche unakufa kabla picha haijasafishwa. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu, alinichukua siku moja hadi kwenye shamba lililoachwa, akanipa jembe na kuniambia nichimbe pembeni ya kisiki. Nikachimba. Chini kulikuwa na mizizi minene kama mkono wangu, mibichi, ikitoa maji.

"Unaona?" akasema. "Huyu hajafa. Amekaa chini anasubiri tuchoke kumkata."

Ndipo nilipoelewa kwamba msitu wetu wa miyombo, kwa sehemu kubwa, haupandwi. Unaachwa. Ukizuia shoka na ukauongoza moto, visiki vinachipua vyenyewe, na baada ya misimu michache una msitu bila kujaza udongo kiriba cha mche hata kimoja. Tatizo ni kwamba mtu anayeacha hapigwi picha.

Kwa elimu hiyo nilikwenda Namkonda. Hilo ni bonde upande wa Mbekenyera, lenye chemchemi moja ambayo wakati huo ilikuwa imefika mahali pa kusikitisha: kinamama walichota kwa kata, wakakaa, wakazungumza, wakasubiri maji yakusanyike tena. Juu ya chemchemi palikuwa na mlima mdogo uliokwanguliwa na mashamba ya kuhama. Mwenyekiti wa wale kinamama aliitwa Bi Somoe Mnali. Alikuwa mkulima wa korosho, na pia kungwi wa unyago aliyeogopwa hata na wanaume. Nilipofika, alinitazama mikono.

"Bibi Miti, leo hujatuletea miche?"

"Leo nimekuja mikono mitupu, mama."

"Afadhali. Ile ya mwaka jana mbuzi walishukuru sana."

Tulianzisha kikundi pale pale chemchemini. Kijiji kikakubali kuuacha mlima ule, halmashauri ikakubali kuutambua kuwa msitu wa kikundi, na tukaandikiana mkataba: kikundi kinalinda, halmashauri inatoa utaalamu na sheria ndogo, na kikundi kikishindwa, msitu unarudi mikononi mwa halmashauri. Kifungu hicho cha mwisho kikumbuke. Msitu ukirudi halmashauri, anaweza kuja mwenye msumeno na kibali chake, na huna la kumwambia.

Siku ya kuweka mipaka niliongozana na wazee wa kijiji, mimi nikiwa mwanamke peke yangu na kopo la rangi nyekundu. Tulipaka alama kwenye miti kuzunguka mlima. Tulipofika kona ya kusini, wazee wote wakaanza kukohoa. Mmoja alikohoa, mwingine akamjibu, hadi msafara mzima ukawa unakohoa. Nilidhani ni vumbi. Nikawapa maji, nikapaka rangi, mpaka ukapita moja kwa moja, na kona yote ikaingia ndani ya msitu. Wakanywa maji, wakanishukuru.

Kijana, ukiwa kazini, wazee wakikohoa pamoja, weka kopo la rangi chini.

*

Miti ilichipua. Chemchemi ikaanza kujaza ndoo. Halafu, katikati ya miaka ya tisini, wilaya ikagawanywa. Ruangwa ikawa wilaya yake, na Namkonda ikaangukia huko.

Hujui kugawana ofisi kulivyo. Tuligawana meza, viti, mashine ya kuchapia ambayo herufi yake moja ilikuwa haifanyi kazi, na kabati ambalo halikupita mlangoni. Watumishi tulitajwa majina: huyu Ruangwa, huyu abaki. Mimi nikabaki. Namkonda akapewa Bwana Haule.

Bwana Haule alitokea Songea, mpole, mwenye kitambi kidogo na mwandiko mzuri. Sikuwa na ubaya wowote wa kumtajia, na hilo ndilo lililonitesa. Mtu mbaya unamchukia unalala. Mtu mzuri aliyepewa kitu chako anakukeshesha.

Nilikwenda kumkabidhi kikundi. Njiani nilijiandaa kwa maneno ya huzuni, nikidhani Bi Somoe atalia. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akamgeukia Haule na kumuuliza kama amekula. Nilipomvuta pembeni nikamwambia, "Mama, nimekuachieni kwa uchungu," akacheka.

"Bibi Miti, sisi si mali ya mirathi. Unakwenda, tunabaki na mlima wetu. Utakuja kutusalimia."

Nilikwenda kuwasalimia mara nyingi kuliko ilivyo adabu. Kaka yangu alikuwa na shamba la mikorosho Nandagala, na ghafla mapenzi yangu kwa kaka yakaongezeka. Kila nikipata Jumapili ya nafasi, nilikuwa njiani na baiskeli, nikifika kwa kaka nakunywa maji, naendelea Namkonda. Huku Nachingwea nilianzisha kikundi kingine, watu wazuri, wachapakazi, lakini hawakuwa wajinga. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha kupalilia mipaka, nikasema, "Kule Namkonda tulikuwa tunafanya hivi." Mama mmoja akatua jembe.

"Jamani, sisi ni mke mdogo. Mume akilala kwetu, anaota kwa mke mkubwa."

Walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, meno tu.

Na kila nilipofika Namkonda nilikuta jambo jipya la kuniuma. Bwana Haule alikuwa amepewa pikipiki. Alikuwa ameweka kibao kikubwa barabarani chenye jina la halmashauri ya Ruangwa, na kikundi kimepewa kofia za kijani. Bi Somoe aliivaa ya kwake juu ya mtandio, ikamkaa vizuri kuliko nilivyopenda.

Baya zaidi, Haule alikuwa anajua kazi. Alikuwa anafanya moto wa mapema, na aliufanya vizuri kuliko mimi. Nikueleze, maana hapa ndipo vijana wengi mnapokosea. Mnadhani kulinda msitu ni kukataza moto kabisa. Ukikataza kabisa, majani yanakauka na kulala juu ya majani, mwaka hadi mwaka, na siku moto ukija mwezi wa tisa au wa kumi na upepo wake, unapanda mpaka vileleni. Kwa hiyo unauwasha wewe mwenyewe mapema, mwezi wa sita, majani yakiwa yamekauka juu na yana ubichi chini. Unachagua saa za alasiri upepo ukitulia. Unachukua majivu kidogo mkononi, unayaachia, unaona yanakoelekea, kisha unawasha ili moto uende kinyume cha upepo. Ukiwa sahihi, moto unafika magotini tu, unatambaa, unaruka sehemu, unakufa wenyewe umande ukishuka. Unabaki msitu wenye mabaka kama ngozi ya chui, na moto mkubwa ukija hauna chakula.

Nilimtazama Haule akiachia majivu yake, taratibu, na kinamama wakimfuata na matawi mabichi ya kuzimia. Nikatamani upepo ubadilike. Kidogo tu, umuunguze kofia.

*

Pamoja na utaalamu wote huo, msitu wa Namkonda uliungua. Ilikuwa mwezi wa tisa, baada ya mavuno, na moto ulianzia kona ya kusini. Mwaka uliofuata ukaungua tena, kutoka kona ile ile. Safari ya pili ulifika karibu na chemchemi.

Haule aliamini ni wawinda panya. Huku kwetu watu huchoma majani wawafukuze panya wa porini, ni kitoweo kizuri na mimi simlaumu mtu. Aliwakamata vijana wawili wenye mitego, wakakana hadi wakalia. Aliweka walinzi wenye filimbi kwenye njia zote za wawindaji. Walinzi hawakupiga filimbi hata mara moja, na kona ikaungua vile vile.

Hapo madiwani wakakasirika. Ikasemwa kwenye kikao kwamba Namkonda ikiungua mara nyingine, mkataba unafutwa na msitu unarudi halmashauri. Wenye misumeno walisikia kabla hata ya kikundi. Bi Somoe aliniambia alikuta mgeni mmoja akipita msituni anaipigapiga miti ya mninga kwa kiganja, kama mtu anayechagua matikiti.

Nilimkuta Bi Somoe nyumbani kwake akipepeta mbaazi. Kofia ya kijani ilikuwa imetundikwa mlangoni.

"Mama, kona ile ina nini?"

Akaendelea kupepeta. "Kuna moto ambao sisi wanawake tumeruhusiwa moshi wake tu."

Nikaelewa, na kile kikohozi cha wazee kikanirudia chote masikioni.

Jando. Kwenye kona ile ndiko kumbi la jando, banda la vijana wanaotahiriwa, lilikokuwa likijengwa kila msimu tangu zamani. Yanayofanyika ndani siyajui, na kama ningeyajua nisingeyaandika. Lakini mwisho wake kila mtu wa kusini anaujua: wali, yaani vijana hao, wakishapona na kufundwa, kumbi linachomwa moto, wao wanatoka wakikimbia kuja nyumbani, na hawageuki. Kugeuka ni kurudi utotoni. Na pale Namkonda desturi ilikuwa hata wanaume wanaowasindikiza hawageuki. Moto unawashwa, kisha unaachiwa mgongo.

Zamani haikuwa shida. Kona ilikuwa imezungukwa na mashamba, moto ulifika kwenye udongo ukafa. Sisi, kwa mkataba wetu na rangi yetu nyekundu, ndio tulioyaondoa mashamba. Majani yakakua hadi mlangoni pa kumbi. Msitu uliunguzwa na hifadhi yake yenyewe.

"Kwa nini wazee hawamwambii Bwana Haule?" nikauliza.

Bi Somoe alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Wamwambie nani? Yule mtoto?"

Hii ilikuwa habari nyingine. Haule alitahiriwa hospitali ya misheni, na nesi, kwa ganzi. Alilisema mwenyewe siku zake za kwanza, kwenye kahawa na wazee, akisifia usafi wa hospitali. Hakujua amejihukumu. Tangu siku hiyo walimheshimu kama bwana misitu na kumhesabu kama mtoto ambaye hajaingia jandoni. Walimpa kiti, walimchinjia kuku, lakini akitokea, mazungumzo fulani yaligeuka kuwa ya bei ya korosho.

Sasa angalia fundo lilivyofungwa. Wanaume walijua, lakini huwezi kumwambia mtoto. Wanawake tulijua, lakini si mdomo wetu wa kulitaja. Na mwenye kalamu ya kusaini ndiye peke yake asiyejua.

"Hatuwezi kuwahamisha," nikasema.

"Usithubutu hata kuota."

"Wala kuwaambia waangalie nyuma."

"Bibi Miti, unataka tutozwe kuku mpaka mabanda yaishe?"

"Basi moto ukute udongo mtupu kama zamani. Tufyeke barabara ya moto kuizunguka kona."

"Nani afyeke? Wanaume watauliza inazunguka nini, na hakuna wa kujibu. Wanawake tukionekana na mafyekeo pale bila sababu, tunapeleleza." Akatua ungo, akatazama shamba lake. "Lakini mwanamke mwenye shamba lake la ufuta, nani humuuliza?"

Tulitazamana. Ufuta unapandwa mwezi wa kwanza, unavunwa wa tano au wa sita. Msimu wa kumbi ukifika, shambani hamna kitu, udongo tu. Ukanda wa ufuta kuizunguka kona ni barabara ya moto ambayo haihitaji kutajwa jina. Shamba linapita mbali kidogo na kumbi, kama mwenye adabu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Sheria ndogo ilikataza kulima ndani ya mpaka. Ilihitajika ruhusa ya halmashauri ya Ruangwa. Yaani ilibidi mimi, kwa miguu yangu, nipeleke wazo bora kuliko yote niliyowahi kushiriki, nikampe Haule.

*

"Karibu Ruangwa, dada Editha. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuomba."

Aliweka kalamu chini. "Wewe? Subiri niite mashahidi."

Nilimweleza: kikundi kilime ufuta kona ya kusini, ukanda mpana, kila mwaka. Alicheka, halafu akaona sicheki.

"Ndani ya mpaka? Sheria ndogo inasema..."

"Najua inavyosema. Niliiandika mimi. Wewe umebadilisha jina la wilaya tu."

"Kwa nini kona ile?"

"Ndiko moto unakoanzia."

"Anayewasha ni nani?"

Nikakohoa.

Bwana Haule aligonga meza. "Hata wewe! Kila nikiuliza habari za kona ile, watu wanakohoa. Nimeshaiandikia hospitali waje wapime kifua kikuu pale kijijini!"

Nilijizuia kucheka hadi machozi yakanitoka, na yeye akadhani ninalia, sauti ikamlegea.

"Dada, nikwambie ukweli? Ninakuonea wivu. Nikifika Namkonda, kila mti naambiwa aliuacha Bibi Miti. Kila mche ameupanda Bibi Miti. Mpaka mwembe niliopanda mimi, kwa mikono yangu, wanauita mwembe wa Bibi Miti. Wananipa kuku, lakini hawanipi habari. Wewe umeondoka na bado upo. Mimi nipo na sijafika."

Nilikuwa nimekuja na wivu wa kwangu mzito, na kumbe alikuwa na wa kwake kiunoni siku zote.

"Niambie sababu nisaini," akasema.

"Siwezi."

"Basi sisaini nisichokijua."

Niliondoka hivyo. Kilichofuata alinisimulia baadaye. Alipanda pikipiki yake mpaka kwa Mzee Ndembo, mwenye jando la Namkonda, mzee mfupi anayeongea huku akisuka mkeka. Haule akamuuliza wazi: kona ya kusini ina nini?

"Bwana misitu," Mzee Ndembo akamjibu, "ungekuwa mtu mzima ningekwambia."

"Mzee, mimi nina watoto wanne."

"Mtoto akizaa watoto hajakua, ameongeza watoto."

Haule akakaa. Mzee akasuka safu moja ya mkeka, halafu akasema, "Wanawake wameomba ufuta. Wasainie. Msimu ukifika, njoo ukue."

Alisaini bila kujua. Na kwenye kikao, diwani mmoja alipouliza tangu lini msitu ukahifadhiwa kwa jembe, alisimama akasema kona ile ataisimamia yeye. Ikiungua, iadhibiwe ofisi yake na yeye mwenyewe, lakini kikundi kisiguswe. Habari hiyo ilinifikia Nachingwea kabla ya chai. Nilitamani maneno yale yangekuwa yangu.

*

Ufuta ulipandwa, ukapaliliwa, ukavunwa. Kinamama walifunga matita, wakayasimamisha yakauke, wakapiga. Mwaka ule ufuta ulitoka vizuri, nilionja.

Msimu ulipofika, ofisi ya Ruangwa ikatangaza kwamba Bwana Haule yuko likizo. Kila mtu kijijini alijua alipo. Mtu mzima mwenye upara alikuwa anakaa na watoto wa watu, anafundishwa.

Siku ya kuchoma kumbi sisi wanawake tulisimama barabarani kuwasubiri. Nilikuwa bega kwa bega na Bi Somoe, aliyevaa kofia yake ya kijani kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Hapo nikagundua jambo ambalo miaka yote hatukulitilia maanani: wanaokuja wameupa moto mgongo, lakini sisi tunaowapokea tumeuelekea uso. Katika kijiji kizima, walioruhusiwa kuutazama moshi ule walikuwa wanawake.

Moshi ukapanda. Vigelegele vikaanza. Wali wakatokeza mbio wamefunikwa nguo, nyuma yao wanaume, na katikati ya wanaume kitambi kimoja ninachokifahamu. Bwana misitu alikuwa anakimbia moto. Alikaza shingo kama mtu aliyebeba yai kichwani, macho mbele, jasho linamtiririka, na nyuma yake ulikuwa unawaka moto ambao kazi yake na mkataba wa kikundi vilitegemea ufie kwenye ufuta.

Walipofika kwetu wakapunguza mwendo. Alipopita mbele yangu, akaongea bila kugeuza hata jicho.

"Dada Editha. Unauona?"

"Ninauona."

"Unafanyaje?"

"Umefika kwenye ufuta."

"Halafu?"

Moshi ulikuwa umeanza kupungua, ukawa mweupe. Halafu mahali pamoja, upande wa kushoto, ukawa mweusi ghafla na kunenepa. Bi Somoe akanishika mkono, kucha zikaingia. Mtu, kama tulivyokuja kujua kesho yake, alikuwa amesahau mabua. Baada ya kupiga ufuta, kuna mabua ambayo hayakutolewa, yalilazwa kukata ukanda, na moto ulikuwa unapita juu yake kama mtu anayevuka mto kwa gogo.

"Halafu?" Haule akauliza tena. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ngoja."

Hakugeuka. Niamini, nimewaona watu wengi wakijaribiwa, sijaona shingo iliyojaribiwa vile. Moshi mweusi ukapanda, ukayumba, ukakatika. Mabua hayakuwa marefu ya kutosha. Mbele yake palikuwa na udongo.

"Umesimama," nikasema.

"Kweli?"

"Haule, twende, watu wanakungoja."

Kwa muda mfupi ule sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani. Yeye alikuwa na pikipiki, kibao, kofia na msitu. Mimi nilikuwa na macho, na aliyahitaji. Halafu wanaume wakamzunguka, wakamwita kwa jina jipya ambalo sitaliandika, wakaingia naye uani na ngoma ikaanza kule ndani. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na Bi Somoe, na wivu ukarudi mahali pake kama paka.

Mkataba haukufutwa. Miaka iliyofuata walikuja wageni wa mabadiliko ya tabianchi, wakaitembelea Namkonda, wakapima miti kwa kamba na kuandika. Kwenye mkutano mmoja Lindi, Haule aliitwa mbele kueleza ukanda wa ufuta. Alieleza vizuri. Mtaalamu mmoja akainua mkono, akauliza kwa nini kikundi kilichagua kona ile hasa. Haule akanitafuta kwa macho ukumbini. Kisha akakohoa. Nami, huku nyuma, nikamjibu.

Nimestaafu sasa. Namkonda ina maji, na bado sipendi kusikia watu wa Ruangwa wakiuita msitu wao. Nikipita na kukuta kijana mgeni amevaa kofia ya kijani, roho inanidunda. Nimeacha kupigana nayo, kwa sababu jicho la wivu lina kazi yake. Mwenye kupenda kazi yako anaona ulichofanya. Mwenye kuionea wivu anaona ulichosahau. Kesho ya siku ile ya kumbi, baada ya ngoma, nilikwenda na kinamama kuukagua ukanda, na yale majivu ya mabua niliyaona mimi kwanza, tena nilifurahi kidogo. Tangu hapo Haule alinialika kila mwaka.

Basi fanya hivi. Ufuta wako ukishapigwa, yatoe mabua yote nje ya ukanda, usilaze hata tita moja, fagia mpaka udongo uonekane. Ukimaliza, mwite yule mwenzako anayekuonea wivu kuliko wote, mpe maji ya kunywa, na umwombe atembee ukanda mzima akitafuta bua ulilosahau.